Gitaa la umeme la zamani: isome dalili kabla hujanunua kifaa

Tabora, mji uliotoa bendi za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, hauwezi kukosa magitaa ya zamani. Yapo kwenye stoo za makanisa, juu ya makabati, chini ya vitanda vya wazee waliopiga dansi, na siku hizi wajukuu wanayatoa wakitaka kuyafufua. Utakuta ya Japani ya miaka ya 1960 na 1970, na utakuta nakala za baadaye za Stratocaster, gitaa la Fender la Marekani. Linaloletwa kwa fundi huja na hukumu yake tayari: limekufa, linahitaji pikapu mpya.

Mara nyingi pikapu ndiyo nzima kuliko vyote. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, inayogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, na haina kinachosogea ndani yake. Vinavyochoka ni vile vinavyoguswa kila siku: jeki, swichi, volumu, nyuzi, na kidaraja cha kichwani, yaani kile kipande chenye mifereji ambamo nyuzi hupita kabla ya kufika kwenye funguo za kutyuni. Ndiyo maana naanza na dalili. Ukiisoma vizuri, fedha uliyotenga kwa pikapu itabaki mfukoni, au itanunua kitu ambacho gitaa linakihitaji kweli.

Andaa bisibisi, multimita ya kawaida ya mafundi redio, pasi ya kulehemu ya wati 30 hadi 40, risasi ya kulehemu vifaa vya elektroniki, dawa ya kusafishia kontakti, rula ya chuma na penseli. Kabla hujagusa waya hata mmoja, piga picha za ndani kwa simu, kila upande, karibu na kwa mbali. Rangi za waya kwenye magitaa ya zamani hazifuati kanuni moja, na picha ndiyo itakayokurudisha pale ulipoanzia.

Kimya kabisa

Jaribu kwanza kwa waya mwingine na amplifaya nyingine. Nalisisitiza hili kwa sababu watu hulifungua gitaa zima kumbe waya wa kuchomeka ndio umekatika pale shingoni mwa plagi.

Kama bado kimya, kuna kipimo kinachosema mengi bila kufungua chochote. Chomeka waya kwenye gitaa, upande wa pili uuache nje. Fungua volumu hadi mwisho. Weka multimita kwenye omu, ncha moja iguse kichwa cha plagi na nyingine iguse shina lake. Pikapu nzima ya koili moja kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5 na 8; ya koili mbili hufika 7 hadi 10, na zipo zenye zaidi ya hapo. Ukiona namba ya aina hiyo, na ikibadilika kidogo unapohamisha swichi, pikapu zako ziko hai. Tafuta tatizo kwingine.

Ukisoma sifuri au karibu na sifuri, kuna waya wa sauti unaogusa ethi mahali fulani. Mara nyingi ni ndani ya jeki, pale mguu wa lehemu umepinda ukagusa mwili wa jeki au ukuta wa tundu. Ukisoma kama kilo-omu 250 au 500, unachopima ni volumu yenyewe: pikapu haijaunganishwa, au waya wake umekatika, au swichi haifungi. Na multimita isiposoma lolote, anza na jeki, kisha fuata waya wake hadi kwenye volumu.

Ukishafungua, washa amplifaya kwa sauti ndogo na uguse kila pikapu kwa ncha ya bisibisi ya chuma. Pikapu inayofanya kazi hutoa mlio wa "kok" kwenye spika. Ile isiyotoa, ipime peke yake ukiwa umeilehemua. Waya wa koili ukikatika, mara nyingi hukatika pale mwanzoni au mwishoni, ulipolehemiwa kwenye waya mnene. Fundi mwenye macho mazuri na mkono mtulivu huweza kuuokota na kuulehemu upya. Ukiwa umekatika katikati ya koili, hiyo ni kazi ya kusuka pikapu upya, na hapo ndipo neno "mpya" linapokuwa na maana.

Linakwaruza

Swali ni moja: linakwaruza unapofanya nini?

Ukizungusha volumu au toni, ni uchafu ndani ya kifaa hicho. Pulizia dawa ya kontakti kupitia tundu dogo karibu na miguu yake, kisha zungusha huku na huku mara nyingi hadi mwisho. Usitumie mafuta ya cherehani wala dawa za kulainisha kutu; huacha utando unaokamata vumbi, na kwa vumbi la Tabora la mwezi wa 8 tatizo litarudi upesi. Kikikwaruza tena baada ya kusafishwa vizuri, badilisha. Ni kifaa cha bei ndogo.

Ukitikisa waya, ni jeki. Ile sahani yake inayobana plagi hulegea kwa miaka. Ikunje kidogo kuelekea ndani, kaza nati yake, na angalia kama lehemu imepasuka.

Ukipitisha mkono juu ya plastiki ya mbele, na msimu ni kiangazi, huo ni umeme tuli. Hewa kavu na plastiki iliyosuguliwa kwa kitambaa huuzalisha. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na ubandike karatasi ya alumini iliyounganishwa na ethi upande wa chini wa plastiki hiyo. Nitaeleza namna hapo chini.

Na kama kila gitaa unalochomeka kwenye amplifaya hiyo linakwaruza kwenye volumu, liache gitaa. Amplifaya inavujisha umeme wa DC kwenye mlango wake wa kuingizia sauti, na dawa ya kontakti haitafaa kitu.

Linavuma

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mvumo wa gitaa unaweza kuwa kero tu, na unaweza kuwa onyo la hatari.

Umeme wetu ni wa volti 230 na hertz 50, na ule mvumo mzito unaousikia ni huo umeme wa jengo ukiingia kwenye pikapu au waya. Shika nyuzi kwa mkono usikilize. Mvumo ukipungua, waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja, yaani kile kipande cha mwilini mwa gitaa kinachobeba nyuzi, uko sawa, na kilichopungua ni kinga ndani ya gitaa. Usipobadilika ukishika nyuzi, lakini ukapungua ukigusa chuma cha jeki, waya wa daraja umekatika au umeng'oka. Pima: kati ya daraja na shina la jeki multimita isome karibu sifuri. Mvumo ukiongezeka unaposhika nyuzi, yaelekea waya za jeki zimebadilishana: ule wa sauti umewekwa pa ethi.

Upo mvumo mwingine unaobadilika ukigeuka na gitaa. Ukiangalia mlango unavuma, ukiangalia dirisha unatulia. Huo ni wa sumaku, unatoka kwenye transfoma ya amplifaya au taa za mrija, na pikapu ya koili moja huupokea kwa asili yake. Karatasi ya alumini haiuzuii. Sogea mbali na amplifaya, tafuta pembe yenye utulivu, ondoa chaja za simu kwenye soketi ya karibu. Pikapu ya koili mbili ilibuniwa kwa tatizo hili hili: koili zake husukwa na kuwekewa sumaku kwa kupingana, mvumo unajifuta na sauti ya uzi inabaki.

Kwa mvumo wa kukosa kinga, funika ndani ya tundu la vifaa kwa karatasi ya shaba au ya alumini. Ile ya jikoni inafaa, ukiibandika kwa gundi ya mbao. Vipande vyote vigusane, na uhakikishe kwa multimita. Alumini haikubali lehemu ya kawaida, kwa hiyo kaza waya wa ethi juu yake kwa skrubu yenye washa, yaani kipete cha chuma. Kisha angalia sana mguu wa sauti wa jeki usiguse karatasi; ukigusa, utarudi kwenye kimya cha mwanzo.

Sasa hatari yenyewe. Ukipigwa na umeme mdomoni unapogusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, acha kupiga. Usiseme ni kidogo tu. Nyuzi zimeungana na chuma cha amplifaya kupitia waya wa ethi. Amplifaya ikiwa haina ethi ya kweli na inavuja, nyuzi zina umeme. Maikrofoni imeungana na mikisa yenye ethi. Katikati yao ni kifua chako. Weka multimita kwenye volti za AC, kipimo cha juu, ncha moja kwenye uzi na nyingine kwenye wavu wa maikrofoni, bila wewe kugusa chuma cha chochote. Ikizidi volti chache, chomoa amplifaya na umwite fundi umeme akague soketi, ekstensheni na amplifaya. Tatizo haliko kwenye gitaa, na kukata waya wa daraja hakumponyi mtu.

Kuna desturi ya kung'oa pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mvumo unaweza kuisha kweli. Lakini pini hiyo ndiyo inayoupa umeme uliovuja njia ya kwenda ardhini badala ya kupitia kwa mpigaji, na wapigaji gitaa wamekufa jukwaani kwa kukosa ethi. Kanisani au ukumbini, ukikuta plagi ya pini mbili kwenye amplifaya ya chuma, isiwashwe hadi itengenezwe.

Soma pia kibao cha nyuma ya amplifaya. Za soko la Japani hutumia volti 100, za Marekani 120. Zinahitaji transfoma ya kushushia umeme yenye wati zaidi ya zinazoandikwa kwenye kibao. Na ikiwa ni amplifaya ya taa za kioo (valvu), usiifungue: kapasita zake huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Linapiga mluzi

Gitaa likipiga yowe kali ukiongeza sauti, na yowe hilo halibadiliki ukibana nyuzi zote, isogelee pikapu na useme neno. Sauti yako ikitoka kwenye spika, koili imelegea: waya zake zinatikisika na pikapu imegeuka maikrofoni. Kwanza kaza skrubu na springi za pikapu na kifuniko chake, maana wakati mwingine ni hizo tu zinazotetemeka.

Kama si hizo, tiba ni nta, na kwa jambo hili Tabora ina bahati. Nta ya nyuki tunayo. Mchanganyiko unaotumika sana ni sehemu nne za parafini ngumu, ile ya mishumaa myeupe, na sehemu moja ya nta ya nyuki. Nta ya nyuki peke yake inanata na ni nzito. Parafini peke yake hupasuka ikiganda. Chagua nta iliyosafishwa. Ile yenye mabaki ya asali usiitumie, kwa sababu sukari huvuta unyevu na unyevu hula waya wa shaba. Iyeyushe kwenye maji ya moto, uichuje kwa kitambaa, iache igande juu ya maji, kisha ikaushe kabisa.

Kazi yenyewe hufanywa kwa sufuria ndani ya sufuria. Nje maji, ndani nta. Usiweke nta moja kwa moja juu ya jiko la mkaa, na usiiache peke yake hata dakika moja. Ikishika moto, funika kwa kifuniko, usimwagie maji. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, basi ishikilie kwenye 65 hivi. Ikipita 70, plastiki ya pikapu za zamani huanza kupinda, na hilo halirekebishiki. Tumia kipimajoto. Ning'iniza pikapu kwa waya, izame, na utaona mapovu madogo yakipanda. Hewa hiyo ndiyo iliyokuwa inaimba. Mapovu yakikoma, kwa kawaida baada ya dakika 10 hadi 20, itoe, ifute ikiwa bado na moto, iache ipoe mezani bila kuisogeza.

Pikapu ya zamani yenye kifuniko cha plastiki laini, au iliyokwisha kupinda, usiizamishe. Paka nta iliyoyeyuka kwa brashi kuzunguka koili. Matokeo si kamili, ila pikapu inabaki.

Halishiki tyuni

Watu hulaumu funguo. Nadra kuwa ni funguo.

Badilisha nyuzi kwanza. Nyuzi zenye kutu hazikai kwenye sauti yake hata kwa gitaa jipya. Zungusha kila uzi mara mbili hadi tatu kwenye mhimili wake, mizunguko ishuke chini bila kupandana, kisha uvute uzi taratibu kwa vidole na kutyuni tena hadi utulie. Tyuni ukipanda kutoka chini. Ukipitiliza, shuka uanze upya.

Ukisikia "tik" unapokaza ufunguo, uzi unabanwa kwenye kidaraja cha kichwani. Sugua mfereji kwa penseli laini. Makaa ya penseli yanatosha kuulainisha. Mfereji ukiwa mwembamba kuliko uzi, uchonge kidogo. Ukiwa umechimbika sana, tengeneza kidaraja kipya kwa mfupa wa mguu wa ng'ombe. Omba kipande kinene buchani, toa uboho, chemsha hadi mafuta yaishe, kausha siku kadhaa, kisha kata kwa msumeno mwembamba na kusaga kwa msasa. Vaa barakoa, vumbi la mfupa si zuri kwa mapafu. Kazi hii inachosha, na ni mojawapo ya maboresho makubwa unayoweza kulipatia gitaa kuukuu bila kuagiza kitu nje. Kina cha mfereji kipime hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya 3 (freti ni vile vyuma vinavyokingama shingoni), angalia juu ya freti ya 1. Pabaki nafasi ndogo kama unene wa karatasi nyembamba.

Kama nyuzi zikiwa wazi ziko sawa lakini juu ya shingo sauti inapotea, rekebisha daraja. Linganisha sauti ya kengele ya freti ya 12, ile ya kuugusa uzi tu bila kuubonyeza, na sauti ya kubonyeza freti hiyo hiyo, kwa programu ya kutyuni kwenye simu. Ikibonyezwa ikawa juu, kirudishe nyuma kikalio cha uzi huo, yaani kile kipande cha daraja ambacho uzi hukilalia. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Daraja la mbao lisilofungwa kwa skrubu huwa limehama: pima kutoka kidaraja cha kichwani hadi freti ya 12, urefu huo huo urudie hadi kwenye daraja, kisha ongeza milimita chache upande wa nyuzi nene.

Magitaa yaliyokaa Ujiji na Kigoma mjini, kwa unyevu wa ziwa, huja na skrubu za vikalio zilizoganda kwa kutu. Usizilazimishe. Tone la mafuta ya kulainisha kutu, subiri usiku mmoja, kisha pasha skrubu kwa ncha ya pasi ya kulehemu kabla ya kuizungusha.

Nyuzi zinagonga freti

Angalia zinapogonga. Uzi ukigonga ukiwa wazi tu, kidaraja cha kichwani kimeshuka mno. Ukigonga kwenye freti za 1 hadi 5, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kinyumenyume. Ukigonga kuanzia ya 12 kwenda mbele, daraja liko chini au shingo imekaa kwa pembe mbaya. Kipande cha mbao nyembamba, nusu milimita hivi, chini ya kisigino cha shingo huitibu pembe. Ukigonga mahali pamoja tu, freti moja imeinuka. Egemeza rula fupi juu ya freti tatu. Ikicheza, ya katikati ndiyo.

Kwa shingo, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ile ya mwisho, tazama freti ya 7 au ya 8. Nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha. Chuma cha ndani ya shingo kizungushwe robo mzunguko tu kwa mara moja, kisha gitaa lipumzike hadi kesho. Kikikataa, acha. Baadhi ya magitaa ya bei ndogo ya miaka ya 1960 hayana chuma kinachorekebishika kabisa.

Ncha za freti zikikuchoma vidole wakati wa kiangazi, mbao imenywea. Zipige tupa laini wakati huo huo wa kiangazi. Masika yakija hazitatokeza tena.

Kuboresha

Anza baada ya gitaa kupona, na usichimbe mbao. Pikapu ya koili mbili haitaingia kwenye tundu la koili moja bila kuchonga, na ukichonga huwezi kurudi nyuma. Zaidi ya hapo, mimi naipenda pikapu ya zamani ya koili moja kwa muziki wetu. Magitaa ya solo, solo ya pili na ridhimu huzungumza kwa kupeana nafasi. Sauti nyembamba na angavu huiacha nafasi hiyo, pikapu yenye nguvu nyingi huijaza yote.

Kwa hiyo fedha ziende kwanza kwenye jeki nzuri, volumu na toni mpya. Kwa koili moja weka kilo-omu 250, kwa koili mbili 500. 500 kwenye koili moja huongeza ukali unaochoma sikio. Kapasita ya toni iwe ya mikrofaradi 0.047 au 0.022, ya pili ikibakiza ung'avu zaidi. Funguo ubadilishe tu kama meno yake yamelika. Usiiondoe rangi ya asili, wala usiifute kwa thina. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Vifaa vyote ulivyovitoa viweke kwenye mfuko pamoja na gitaa.

Kabla ya kuagiza Kariakoo, pima tundu la volumu. Vifaa vya kipimo cha inchi vinahitaji tundu la milimita 9.5 hivi, vya milimita huhitaji 7 au 8, na vishina vyake hutofautiana: vingine laini, vingine vya meno, na kitasa cha kuzungushia cha zamani hakitakaa kwenye kishina kisichokuwa chake. Mtumie muuzaji picha ya kifaa cha zamani kikiwa juu ya rula kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi.